Mfumo wa OBRS wa Uganda: kusajili kampuni ni kwepesi, kuilinda ndiko kwenye kazi

Anayefungua kampuni Uganda siku hizi halazimiki kubeba bahasha ya fomu hadi Kampala. Kazi karibu yote hupita kwenye OBRS, mfumo wa mtandaoni wa URSB, idara ya serikali inayosajili kampuni, majina ya biashara na ndoa. Tathmini hii inaifuata huduma hiyo tangu kutafuta jina hadi kuitunza kampuni ikiwa imeshaanza kazi. Tumeiandika hasa kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kikuubo, Arua, Busia au Malaba ambaye mapatano yake yote huyafanya kwa Kiswahili, kisha akifungua mfumo anakuta kila kisanduku kimeandikwa Kiingereza.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Kwa kampuni mpya ambayo wakurugenzi wake wote wana kitambulisho cha taifa, huduma hii ni nzuri, na mtu makini anaweza kuimaliza mwenyewe bila wakala. Kwa kampuni ya zamani iliyozaliwa enzi za faili za karatasi, subira itahitajika. Na kwa kampuni zote, mpya na za zamani, kuna hatari moja ambayo haimo kwenye maelekezo ya kujaza fomu, nayo ndiyo tumeipa nafasi kubwa zaidi hapa: anayeshika barua pepe na simu iliyofungulia akaunti, ndiye anayeishika kampuni mkononi.

Maandalizi huokoa siku

Usiingie kwenye mfumo ukiwa bado unafikiria. Kaeni kwanza, wote mnaoanzisha, mwandike karatasini majina, mgao wa hisa, wakurugenzi, katibu, anwani ya ofisi na shughuli kuu ya kampuni. Anwani ieleze kiwanja, barabara, kata na wilaya. "Karibu na soko" haitoshi, kwa sababu barua ya mahakama na notisi ya kodi hupelekwa kwenye anwani hiyo iliyosajiliwa, na zikifika hapo huhesabiwa kuwa zimekufikia hata kama hukai hapo.

Jambo linalokwamisha watu wengi kuliko yote ni NIN, namba ya kitambulisho cha taifa. Ina herufi na tarakimu 14. Kwa raia huanza na C, ikifuatiwa na M kwa mwanamume au F kwa mwanamke, halafu tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Baada ya hapo herufi na tarakimu huchanganyika, na ndipo makosa yanapoingia: sifuri inaandikwa kama herufi O, moja inaandikwa kama I, nane inasomwa B kwenye nakala iliyofifia. Mfumo hulinganisha namba hiyo na taarifa za NIRA, mamlaka ya vitambulisho, na kompyuta haina huruma ya karani anayejua kusoma mwandiko. Soma namba kutoka kwenye kadi yenyewe, si kutoka kwenye fotokopi, na mwenzako aisome kwa sauti huku wewe unaandika.

Namba ikiwa sahihi, bado kuna jina. Aliyeandikishwa NIRA kama Nakato Sarah na anayejaza fomu kama Sara Nakatto ni watu wawili machoni pa mfumo. Mama aliyeolewa akaanza kutumia jina la mume bila kulibadilisha NIRA atumie jina lililo kwenye kadi, hata kama benki na wateja wanamjua kwa jingine. Kama jina limekosewa NIRA kwenyewe, lirekebisheni huko kwanza. Kusajili kampuni kwa jina lenye kosa kwa matumaini ya kulisahihisha baadaye ni kujitafutia kazi mara tatu, maana kosa hilo litahamia kwenye TIN, namba ya mlipakodi, na kwenye akaunti ya benki.

Mgeni asiye na NIN, awe Mkenya, Mtanzania au Mkongo, hutumia pasipoti. Ukurasa wa picha upigwe skani kwa rangi, kingo zote nne zionekane. Picha ya simu iliyopigwa kwa taa ya dukani, yenye mwanga mweupe katikati ya namba, hurudishwa.

Jina, mtaji na katiba

Jina hutafutwa na kuhifadhiwa kwanza. Sheria inatoa siku 30 za kuhifadhi, na muda huo unaweza kuongezwa usizidi siku 60. Kuwa na majina matatu tayari. Ukipenda maneno kama Nile, Pearl au Victoria, tegemea kukuta wenzako wengi wametangulia, na kuongeza "Uganda" au "Holdings" mwishoni hakulifanyi jina kuwa tofauti vya kutosha. Usichapishe mabango wala mihuri kabla ya hati kutoka. Jina lililohifadhiwa bado si kampuni.

Kwenye mtaji wa hisa watu wengi hujiumiza wenyewe. Ushuru wa stempu kwenye mtaji ni asilimia 0.5. Mtaji wa shilingi 10,000,000 unazaa ushuru wa shilingi 50,000; mtaji wa shilingi 500,000,000, uliowekwa ili kampuni ionekane nzito mbele ya wateja, unazaa shilingi 2,500,000, kabla ya ada nyingine. Tena kuna jambo zito zaidi ya ushuru. Hisa ukishaigawa kwa mtu na hajailipia, kiasi kisicholipwa ni deni lake kwa kampuni. Kampuni ikifilisika, mfilisi ana haki ya kumdai. Kijana aliyekubali kwa furaha kuandikiwa hisa za milioni 200 kwenye kisanduku cha mfumo, bila kutoa hata shilingi, amejiandikia deni la milioni 200 kwa vidole vyake mwenyewe. Wekeni mtaji mnaoweza kuulipia, na hisa mnazozigawa ziwe za fedha au mali iliyoingia kweli. Mtaji unaweza kuongezwa baadaye kwa azimio.

Tangu Sheria ya Kampuni ya 2012 ilipoanza kutumika Julai 2013, mtu mmoja anaweza kuwa na kampuni yake peke yake. Hilo ni jema kwa fundi au mwenye duka. Lakini sheria inamtaka ateue mtu atakayeshika usukani akifariki, pamoja na wa akiba. Wengi hujaza jina lolote ili ukurasa uende mbele: dereva, shemeji, mtoto aliye masomoni ng'ambo. Kisanduku hicho ni sehemu ya urithi wa familia yako. Mtu huyo aambiwe, akubali, na ajue hati zilipo.

Kuhusu katiba ya kampuni, njia ya haraka ni kukubali mfano ulioko kwenye jedwali la sheria, yaani Jedwali A. Kwa kampuni ndogo inatosha kwa kuanzia, lakini lisomeni, hasa mnapokuwa wawili wenye nusu kwa nusu. Katika mfano huo, kura zikilingana, mwenyekiti wa kikao ana kura ya turufu. Maana yake anayekaa kwenye kiti cha mwenyekiti ndiye mwenye kampuni siku ya ugomvi, na mara nyingi watu huchagua mwenyekiti kwa adabu tu, kwa kumpa mkubwa kiti. Kama hamtaki hivyo, andikeni kifungu chenu. Ongezeni pia vifungu vya zama hizi: kwamba taarifa za kikao zinaweza kutumwa kwa barua pepe kwenye anwani ambayo kila mwanahisa ameisajili, kwamba kikao kinaweza kufanyika kwa simu ya video, na namna akidi na kura zinavyohesabiwa mtandao wa mmoja unapokatika. Kifungu cha namna hii kinaandikwa kwa dakika 20 kabla ya usajili. Baada ya usajili kinahitaji azimio maalumu, yaani robo tatu ya kura.

Sheria hiyo ina Jedwali F pia, kanuni za utawala bora wa kampuni. Kampuni ya umma, yaani inayoweza kuuza hisa kwa watu wote, inafungwa nalo. Ya binafsi inaweza kulikubali kwa hiari. Kwa duka la watu wawili ni zito mno. Kwa kampuni inayotafuta mkopo mkubwa au mwekezaji wa nje, kulikubali tangu mwanzo ni hoja nzuri mezani, ila msilikubali kama hamna nia ya kulifuata.

Saini, malipo na kurudishiwa fomu

Mkishajaza, fomu hutiwa saini na kupakiwa. Saini ifanane na ya kwenye kitambulisho. Kila hati iwe faili moja la PDF lenye kurasa zake zote kwa mpangilio, si picha sita za WhatsApp. Maduka ya skani yaliyo Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, hufanya kazi hiyo kwa bei ndogo, lakini msiache nakala kwenye kompyuta ya duka: futeni faili, futeni na pipa la taka la kompyuta, na mtoke kwenye barua pepe kabla ya kuinuka kitini. Kompyuta hiyo imeshika NIN, saini na picha zenu zote kwa pamoja, kila kitu anachokihitaji tapeli.

Malipo hufanywa kwa PRN, namba ya malipo ya serikali, benki au kwa pesa za simu. Fedha inaingia kwenye hazina kupitia URA, mamlaka ya mapato. Hivyo hakuna sababu yoyote ya kutuma ada ya usajili kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Wakala akisema "nitumie mimi nikulipie," mwambie akupe PRN ulipe mwenyewe, kisha umlipe ujira wake kando. Kwa njia hiyo unajua ada ni kiasi gani na kazi yake ni kiasi gani. Hifadhi risiti ukiwa na namba yake.

Fomu ikirudishwa na ofisa, usiogope wala usianze upya. Soma maelezo yake neno kwa neno, rekebisha kilichotajwa, urudishe. Tumeona mara nyingi watu wanaobadilisha vitu vinne wakati ofisa ametaja kimoja. Mabadiliko mapya huzaa maswali mapya, na kampuni ya siku chache inageuka ya wiki.

Hati ikitoka huja kwa njia ya kielektroniki, na hapa ndipo mazoea ya karatasi yanapotudanganya. Karatasi iliyochapwa kutoka kwenye faili haina thamani zaidi ya faili lenyewe. Rangi, muhuri mwekundu, karatasi nzito, vyote hivyo mchapaji yeyote anaviweza. Kinachothibitisha kampuni ni taarifa iliyoko kwenye daftari la msajili. Kwa hiyo mtu akikuletea hati ya kampuni yake ili umuuzie bidhaa kwa mkopo, fanya hivi: piga alama ya QR kwa kamera ya simu, lakini kabla ya kufungua, angalia anwani inayojitokeza. Sehemu iliyo kabla ya mkwaju wa kwanza baada ya https:// iishie na ursb.go.ug, na nukta ziwe mahali pake. Sehemu hiyo ikianza na ursb kisha ikaishia na kitu kingine, si ya serikali. Tapeli anaweza kuchapa QR yake inayofungua ukurasa alioutengeneza mwenyewe, wenye nembo na rangi zilezile na neno la kuthibitisha. Ukiwa na shaka, acha QR kabisa, ingia kwenye mfumo kwa kuandika anwani mwenyewe, utafute kampuni kwa jina na namba. Halafu linganisha: jina la mkurugenzi anayekutia saini mkataba ni lile lililo kwenye daftari? Kama fedha ni nyingi, lipia ripoti rasmi ya kampuni. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mzigo wa lori moja.

Akaunti ndiyo muhuri

Zamani kampuni ililindwa na vitu vinavyoshikika: muhuri wa chuma kwenye kabati, daftari la kumbukumbu, saini ya katibu. Aliyetaka kumwondoa mkurugenzi kwa hila alilazimika kughushi karatasi na kuzipeleka mbele ya macho ya mtu. Leo njia ya kwenda kwenye daftari ni akaunti, na akaunti ni barua pepe, nywila na laini ya simu.

Sasa angalia inavyokuwa mara nyingi. Ndugu wawili wanamkabidhi wakala kila kitu. Wakala, kwa wepesi wa kazi, anafungua akaunti kwa barua pepe yake na simu yake. Hati inatoka, wanafurahi, wanaendelea na biashara. Miaka mitatu baadaye wanataka kuongeza mkurugenzi. Wakala amehama, au amebadilisha laini, au anadai malipo mapya ndipo atoe ujumbe wa uthibitisho uliofika kwenye simu yake. Na huo ndio mwisho ulio mwepesi. Mwisho mbaya ni mtu mwenye akaunti hiyo kupakia fomu inayosema mkurugenzi mmoja amejiuzulu, kisha kwenda benki na ripoti mpya ya kampuni iliyo halali kabisa kwa mwonekano.

Kisheria fomu hiyo haimwondoi mtu. Mkurugenzi huondolewa na azimio lililopitishwa kwa utaratibu, na fomu ni taarifa tu ya kilichokwisha kutendeka. Kanuni za mwaka 2016 kuhusu mamlaka ya msajili zinampa uwezo wa kurekebisha daftari pale panapokuwa na kosa, udanganyifu au kinyume cha sheria. Kwa hiyo dawa ipo. Lakini ni dawa ya pole pole: malalamiko ya maandishi, upande wa pili kusikilizwa, ushahidi. Wakati huo benki, ikiona mgogoro, huzuia akaunti, na mishahara haisubiri uamuzi wa msajili. Kwa sababu hiyo tunasisitiza kinga kuliko dawa.

Kinga yenyewe ni hii. Kabla ya kusajili, fungueni barua pepe mpya ya kampuni, isiyo ya mtu, wala ya wakala. Namba ya kurejeshea nywila iwe ya mkurugenzi mmoja, na barua pepe ya kurejeshea iwe ya mwingine, ili asiweze mmoja kumfungia mwenzake nje kimya kimya. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, na ikiwezekana uwe wa programu kwenye simu badala ya ujumbe mfupi, kwa sababu wizi wa laini kwa kuhamishia namba yako kwenye kadi nyingine ni njia inayojulikana sana. Laini hiyo isajiliwe kwa kitambulisho cha mwenyewe. Kuna watu wanaotumia miaka mingi laini iliyosajiliwa kwa jina la binamu. Siku inapopotea, binamu ndiye anayeweza kuirudisha.

Kisha pitisheni azimio la bodi, ukurasa mmoja unatosha, linalosema nani ana ruhusa ya kuwasilisha fomu kwa msajili, kwa idhini ya nani, na kwamba kila kilichowasilishwa kitaletwa kwenye kikao kinachofuata. Mwisho, mtu mmoja apewe jukumu la kutazama taarifa za kampuni kwenye daftari kila mwezi, tarehe maalumu. Ni kazi ya dakika tano. Udanganyifu ukigunduliwa ndani ya wiki nne bado benki haijatoa mkopo. Ukigunduliwa baada ya mwaka, mali imeshauzwa.

Kama tayari akaunti iko kwa wakala, mwombeni kwa maandishi aibadilishe, mkiwa mmekaa naye meza moja, nywila mpya aiandike mkurugenzi. Akikataa, nendeni URSB na kitambulisho halisi, azimio la bodi na hati ya usajili, muombe utambulisho wa akaunti urekebishwe. Msisubiri hadi siku ya haja.

Vikao, WhatsApp na saini

Uganda ilitunga mwaka 2011 sheria tatu kwa mkupuo: ya miamala ya kielektroniki, ya saini za kielektroniki, na ya matumizi mabaya ya kompyuta. Ya kwanza inasema taarifa haikosi nguvu ya kisheria kwa sababu tu iko kielektroniki. Wengi wameishika sentensi hiyo wakasahau iliyobaki. Sheria hiyohiyo imeacha nje baadhi ya hati, ikiwamo wosia na hati ya uwakilishi. Mwanahisa aliye Nairobi au Dubai anayemtumia nduguye "power of attorney" kwa barua pepe ili amsainie mauzo ya hisa amejenga juu ya mchanga. Hiyo itiwe saini kwa kalamu, ishuhudiwe, ithibitishwe ilikotolewa, isajiliwe.

Kwa azimio la bodi mambo ni mepesi. Jedwali A linakubali azimio la maandishi lililosainiwa na wakurugenzi wote lihesabike sawa na lililopitishwa kikaoni. Neno ni wote. Mmoja akikosekana, iteni kikao. Saini zilizo na nguvu zaidi ni zile za kidijitali zenye cheti, si picha ya saini iliyobandikwa kwenye hati. Picha ya saini ni hatari kwa mwenyewe kuliko kwa mtu mwingine: yeyote mwenye faili hilo anaweza kuibandika kwenye hati ya kesho. UgPass, mfumo wa serikali wa utambulisho na saini, umetengenezwa kwa haja hiyo, na kampuni yenye wakurugenzi walio mbali ingefaa kuanza kuuzoea.

WhatsApp ni mahali ambapo bodi nyingi ndogo hufanya maamuzi yake ya kweli, na hatulaumu. Mwaka 2023 mahakama ya Saskatchewan, Kanada, ilikubali emoji ya kidole gumba kilichoinuliwa, iliyotumwa kwa simu, kuwa ni kukubali mkataba. Mahakama za Uganda hazifungwi na uamuzi huo, lakini mwenye kampuni na ajue kwamba kidole gumba chake kinaweza kusomwa mbele ya hakimu. Tatizo letu kwa WhatsApp ni ushahidi. Sheria ya miamala inamtaka anayeleta taarifa ya kielektroniki athibitishe kuwa ni halisi, na picha ya skrini haithibitishi mengi. Simu imepotea, mmoja amefuta ujumbe, majina kwenye skrini ni "Boss" na "Mzee wa Mbale". Jadilianeni huko mpendavyo, ila katibu aandike muhtasari siku hiyohiyo, autume kwa barua pepe ya kampuni, kila mkurugenzi ajibu kwa kukubali, na muhtasari huo uwekwe kwenye daftari la kumbukumbu. Mkutano mkuu wa mwaka ni jambo jingine: taarifa yake ni ya siku 21, na wa kwanza ufanyike ndani ya miezi 18 tangu kusajiliwa. Ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mwaka inayopelekwa kwa msajili, hufuata ndani ya siku 42 baada ya mkutano. Weka tarehe hizo kwenye simu siku ileile hati inapotoka.

Wamiliki manufaa

Marekebisho ya sheria ya 2022 na kanuni za 2023 zinataka kila kampuni itaje wamiliki manufaa wake, yaani watu wa damu na nyama walio nyuma ya hisa. Uganda iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, mwezi wa Februari 2020 na ikatolewa Februari 2024, na daftari hilo lilikuwa sehemu ya safari ya kutoka. Kujibu "mwanahisa ni kampuni yetu ya Mauritius" hakutoshi. Fuata mnyororo hadi umkute mtu. Anayeshikiliwa hisa na mwingine kwa siri, mfano mfanyabiashara aliyeandikisha kwa jina la mfanyakazi wake, ndiye anayetafutwa hasa na kanuni hizi. Kumficha leo kuna madhara mawili: adhabu ya sheria, na siku ya ugomvi, mfanyakazi ndiye mwenye kampuni kwenye daftari. Baada ya fomu kupelekwa, hifadhi daftari hilo ofisini pia, na ulirekebishe kila hisa zinapohama. Na kwa kuwa taarifa hizo ni za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2019 inakugusa: nakala za vitambulisho vya wanahisa zisizagae kwenye meza ya mapokezi.

Kampuni za zamani, na lugha

Kampuni iliyosajiliwa zamani haiwezi kuruka moja kwa moja kwenye fomu mpya. Taarifa zake zihuishwe kwanza kwenye mfumo, na hapo faili la karatasi ndilo linalosema. Kama ritani za miaka sita hazikupelekwa, kama mkurugenzi aliyefariki bado anaonekana, kama hisa ziliuzwa kwa mdomo, anzeni kwa kutengeneza mpangilio wa matukio kwa tarehe, kila tukio na hati yake, kisha wasilisheni kwa mfuatano huohuo. Kuanza na la mwisho kwa kuwa ndilo lenye haraka hukwamisha yote, maana mnunuzi wa hisa hawezi kuonekana kabla ya muuzaji hajaonekana. Kazi hii ndiyo tunayoshauri ipewe wakili. Ya kampuni mpya, hapana.

Lugha ni dosari tunayoisema kwa uchungu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa Katiba ya Uganda tangu marekebisho ya 2005, lakini katiba ya kampuni sheria inaitaka kwa Kiingereza, na mfumo nao ni hivyo. BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania, hutoa maelezo yake mengi kwa Kiswahili. Hakuna kinachozuia URSB kuweka walau maelezo ya visanduku kwa Kiswahili, hata kama hati yenyewe inabaki kwa Kiingereza. Mpaka hilo lifanyike, mama wa Arua anayeuza nguo kutoka Kongo atatia saini asichokisoma, na wakala ataendelea kuwa macho yake. Kama ndivyo ilivyo kwako, usisaini hadi mtu wa tatu, asiye wakala wala mshirika wako, akusomee mambo manne: hisa zako ni ngapi, nani ni mkurugenzi, nani amejazwa kama mmiliki manufaa, na barua pepe iliyoandikwa ni ya nani.

Tunaupa mfumo nyota 4 kati ya 5 kwa kampuni mpya, 2 na nusu kwa za zamani. Ofisi kuu iko Kololo, Baskerville Avenue; walio mbali wana matawi Gulu, Arua, Mbale na Mbarara. Ukienda, beba kitambulisho halisi, namba ya kampuni, risiti ya PRN na nakala ya maelezo ya ofisa yaliyorudisha fomu. Bila hiyo ya mwisho, aliye dirishani ataanza kutafuta upya kile ambacho mwenzake alishakiandika.